Mtoa mafunzo ya uanagenzi (Uingereza)

Mtoa mafunzo ya uanagenzi nchini Uingereza ni chuo, chuo kikuu, kampuni au taasisi nyingine iliyoruhusiwa na serikali kufundisha wanagenzi kwa niaba ya waajiri wao. Mwanagenzi ni mfanyakazi aliyeajiriwa kwa mkataba, anayelipwa mshahara, na ambaye sehemu ya saa zake za kazi hutumika kujifunza. Mwajiri humpa kazi, mshahara na msimamizi. Mtoa mafunzo humpa masomo, mkufunzi na maandalizi ya tathmini ya mwisho.

Tangu mwaka 2017 anayemchagua mtoa mafunzo ni mwajiri mwenyewe. Kabla ya hapo fedha za serikali zilikwenda moja kwa moja kwa vyuo na kampuni za mafunzo, nazo ndizo zilizotafuta waajiri. Mabadiliko hayo yaliwapa waajiri madaraka makubwa, lakini pia yaliwapa kazi ambayo wengi wao hawakuwa wameizoea: kununua elimu. Mwajiri akichagua vibaya, anayeumia zaidi ni mwanagenzi, ambaye anaweza kupoteza mwaka mmoja au miwili ya ujana wake bila kupata cheti.

Makala hii inahusu Uingereza peke yake, ambayo ni moja kati ya nchi nne za Ufalme wa Muungano. Uskoti, Welisi na Eire ya Kaskazini zina taratibu zao za uanagenzi, ingawa tozo inayogharamia mfumo huo hukusanywa kwa waajiri wa nchi zote nne.

Historia

Katika Zama za Kati uanagenzi wa Kiingereza ulisimamiwa na vyama vya mafundi mijini. Mzazi alimpeleka mtoto kwa fundi, mara nyingi kwa kulipa ada, na mtoto aliishi nyumbani kwa fundi huyo hadi alipomaliza muda wake. Makubaliano yaliandikwa mara mbili kwenye ngozi moja, kisha ngozi ikakatwa kwa mstari wenye meno ili vipande viwili vilinganishwe baadaye kama kukitokea ugomvi. Sheria ya mwaka 1563, chini ya Malkia Elizabeth I, iliweka muda wa miaka 7 kwa nchi nzima na kumkataza mtu asiyepitia uanagenzi kufanya kazi za ufundi zilizotajwa humo. Masharti hayo yalifutwa mwaka 1814, wakati viwanda vilipokuwa vinahitaji wafanyakazi wengi kwa haraka.

Katika mfumo huo wa kale mwajiri na mwalimu walikuwa mtu mmoja. Kutengana kwao kulikuja polepole, hasa katika karne ya 20, wakati makampuni yalipoanza kuwaachilia vijana waende chuoni siku moja kwa wiki. Sheria ya mafunzo ya viwandani ya mwaka 1964 iliunda bodi za mafunzo kwa kila sekta na kuzipa uwezo wa kutoza waajiri. Nyingi za bodi hizo zilivunjwa katika miaka ya 1980, lakini ile ya ujenzi, CITB, ipo hadi leo na bado inatoza tozo yake.

Kufikia miaka ya 1990 uanagenzi ulikuwa umepungua sana. Serikali ilitangaza "uanagenzi wa kisasa" mwaka 1993 na kuuanzisha mwaka uliofuata. Idadi ya wanagenzi ilipanda tena, hasa katika miongo miwili iliyofuata, lakini ubora ulilalamikiwa: mafunzo mengine yalidumu miezi michache tu, na baadhi ya wanaoitwa wanagenzi walikuwa wafanyakazi wa zamani waliopewa cheti kwa kazi waliyokuwa tayari wanaijua. Mwaka 2012 mfanyabiashara Doug Richard alitoa ripoti aliyoagizwa na serikali. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba uwezo wa kununua mafunzo uwe mikononi mwa mwajiri, kwa sababu mnunuzi anayetumia fedha anazoziona kuwa zake atadai thamani.

Tozo ya uanagenzi ilianza tarehe 6 Aprili 2017. Mwajiri ambaye jumla ya mishahara anayolipa inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka hutozwa asilimia 0.5 ya mishahara yote, akipunguziwa pauni 15,000. Fedha zinazotokana na wafanyakazi wake walioko Uingereza huonekana katika akaunti yake ya mtandaoni, na kwa miaka ya kwanza ya mfumo huo zilikuwa zinaisha muda zisipotumika ndani ya miezi 24. Waajiri wadogo hawalipi tozo. Mwanzoni walichangia asilimia 10 ya gharama ya mafunzo na serikali ikalipa iliyobaki, na mwaka 2019 mchango huo ulishushwa hadi asilimia 5. Tangu Aprili 2024 waajiri hao hawachangii chochote kwa mwanagenzi aliye chini ya umri wa miaka 22.

Matokeo ya kwanza hayakuwa yale yaliyotarajiwa. Mwaka wa masomo wa 2016/17 wanagenzi wapya walikuwa karibu 495,000. Mwaka uliofuata walishuka hadi karibu 376,000. Waajiri wakubwa walitumia sehemu kubwa ya fedha kwa mafunzo ya ngazi za juu, mara nyingi kwa mameneja waliokwisha kuajiriwa, na nafasi za vijana wanaoanza zikapungua.

Nani anaruhusiwa kufundisha

Mtoa mafunzo lazima awe kwenye rejista ya serikali. Rejista ya kwanza ya mfumo mpya ilifunguliwa mwaka 2017, nayo ilikosolewa mapema kwa kukubali kampuni changa zisizo na historia yoyote ya kufundisha. Masharti yalikazwa kuanzia mwisho wa mwaka 2018: kampuni inayoomba ilitakiwa iwe imefanya biashara kwa angalau miezi 12 na iwe na hesabu za kipindi hicho. Mwaka 2023 rejista ya watoa mafunzo iliunganishwa na ile ya taasisi za tathmini.

Kuwa kwenye rejista si cheti cha ubora. Maana yake ni kwamba taasisi inaruhusiwa kupokea fedha za umma, basi. Waajiri wengi, hasa wenye maduka madogo na karakana, huchanganya mambo haya mawili.

Walioko kwenye rejista ni wa aina tofauti. Vyuo vya umma vya elimu ya ufundi vina karakana na walimu wa fani nyingi, lakini ratiba yao hufuata mihula. Kampuni binafsi za mafunzo huweza kuanza kundi jipya mwezi wowote na kufundisha nchi nzima kwa njia ya mtandao. Nyingine ni nzuri sana katika fani moja na dhaifu katika nyingine. Vyuo vikuu hufundisha uanagenzi wa shahada, ulioanzishwa mwaka 2015. Kuna pia vyama vya mafunzo vya waajiri, ambavyo vingi vilianza katika miaka ya 1960 wakati karakana ndogo za uhandisi zilipojiunga ili kuwa na kituo kimoja cha kufundishia vijana wao. Mwisho, mwajiri mkubwa anaweza kujiandikisha kufundisha wanagenzi wake mwenyewe.

Uchaguzi wa mtoa mafunzo

Serikali ina tovuti ambapo mwajiri huandika jina la kazi na mahali alipo, kisha huonyeshwa orodha ya watoa mafunzo wanaofika eneo hilo, pamoja na asilimia ya wanaohitimu na maoni ya waajiri na wanagenzi waliotangulia. Kwa kazi za kawaida mjini orodha inaweza kuwa na majina mengi. Kwa fani adimu mashambani linaweza kubaki jina moja, na hapo hakuna cha kuchagua isipokuwa kukubali au kuacha.

Kabla ya kufika kwenye orodha hiyo mwajiri hutakiwa kujua kazi anayotaka ifanywe. Kila uanagenzi hufuata hati ya kitaifa inayoeleza maarifa, stadi na mwenendo unaotakiwa katika kazi fulani, pamoja na ngazi yake: ngazi ya 2 ndiyo ya kuanzia, ya 3 ni sawa na elimu ya sekondari ya juu, ya 6 ni shahada ya kwanza. Kosa la kawaida ni kumsikiliza kwanza mwuzaji wa mafunzo na kuchukua anachouza. Nyumba ya kulelea wazee inayohitaji wahudumu wa kuwaogesha na kuwalisha wazee inaweza kushawishiwa kuchukua uanagenzi wa uongozi kwa sababu tu unaingiza fedha zaidi kwa anayeufundisha. Simu za kuahidi "mafunzo ya bure" huwafikia sana waajiri wadogo, na hazisemi kwamba mwajiri atalipa mshahara wa saa zote ambazo mwanagenzi yuko darasani.

Asilimia ya wanaohitimu

Takwimu hii huonyesha ni wanagenzi wangapi kati ya waliotarajiwa kumaliza katika mwaka fulani walimaliza na kufaulu. Kwa nchi nzima hali imekuwa mbaya: katika mwaka wa 2022/23 ilikuwa asilimia 54.3 tu, na mwaka wa 2023/24 ikapanda hadi asilimia 60.5. Serikali ilikuwa imejiwekea lengo la asilimia 67 kufikia mwaka 2025. Kwa lugha nyepesi, kati ya kila vijana kumi walioanza, wanne hawakufika mwisho.

Namba hiyo husaidia, lakini husomwa kwa uangalifu. Ile ya taasisi nzima hufunika tofauti kubwa za ndani, kwa mfano chuo kinachofaulisha mafundi umeme huku wapishi wake wakiacha njiani. Inayofaa ni ya fani na ngazi anayoitaka mwajiri. Pale ambapo wanafunzi ni wachache, mmoja akihama mji asilimia hubadilika sana. Tena takwimu huchelewa: inayosomwa leo inahusu watu walioanza miaka miwili au mitatu iliyopita, labda chini ya walimu ambao hawapo tena. Wala si kila anayeacha ameshindwa kwa sababu ya mkufunzi. Wengine hupata kazi yenye mshahara mzuri zaidi, jambo la kawaida katika hoteli na katika utunzaji wa wagonjwa, na wengine huacha kwa kuwa mwajiri hakuwapa muda wa kusoma.

Ripoti za ukaguzi

Mkaguzi ni Ofsted, idara ileile inayokagua shule. Tangu Aprili 2021 inakagua uanagenzi wa ngazi zote, pamoja na ule wa shahada. Kwa miaka mingi ilitoa daraja moja kati ya manne: bora sana, nzuri, inahitaji kuboreshwa, au haitoshelezi. Tangu Novemba 2025 inatumia kadi ya ripoti yenye madaraja tofauti kwa kila eneo badala ya daraja moja la jumla. Mtoa mafunzo mgeni hutembelewa kwanza na kupimwa kama amepiga hatua za kutosha. Asipofanya hivyo huweza kuzuiwa kupokea wanagenzi wapya.

Maneno ya ripoti yana faida kuliko daraja. Chuo kikubwa kinaweza kuitwa kizuri kwa sababu ya vijana wake wa kutwa, na uanagenzi ukapewa aya tatu tu, zenye lawama. Tarehe ya ukaguzi nayo ni muhimu, kwa sababu daraja zuri linaweza kuzeeka.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni kampuni ya 3aaa ya mjini Derby. Ilikuwa miongoni mwa kubwa nchini na ilikuwa na daraja la juu kabisa la Ofsted. Oktoba 2018 serikali ilivunja mkataba nayo baada ya uchunguzi, kampuni ikafungwa, na maelfu ya wanagenzi wakaachwa bila mwalimu hadi walipotafutiwa vyuo vingine. Mwaka mmoja kabla yake, Agosti 2017, ilitangazwa kwamba Learndirect, kampuni nyingine kubwa sana ya mafunzo, imepewa daraja la chini kabisa, baada ya kushindwa mahakamani kuzuia ripoti hiyo isichapishwe. Katika visa vyote viwili ukubwa wa kampuni haukuwa dalili ya usalama.

Anayefundisha na namna anavyofundisha

Jambo ambalo tovuti haliwezi kuonyesha ni mtu atakayemfundisha kijana. Katika taasisi nyingi mwanagenzi hupewa mkufunzi anayemtembelea kazini au kuzungumza naye kwa video. Kama mkufunzi huyo ana wanagenzi wengi kupita kiasi, ziara hugeuka kuwa kujaza fomu. Kama hubadilika kila baada ya miezi michache, kila mpya huanza upya. Mwajiri makini huuliza mkufunzi ameifanya kazi hiyo kwa muda gani, ana wanagenzi wangapi, na aliyemtangulia aliondoka lini. Huomba pia kukutana naye yeye, si ofisa wa mauzo. Kuzungumza na wanagenzi wawili watatu wanaosoma hapo, bila mkufunzi kuwepo, hufichua mengi ambayo vipeperushi havisemi.

Sheria inadai mafunzo nje ya kazi za kila siku, ndani ya saa zinazolipwa. Awali kipimo kilikuwa asilimia 20 ya saa za kazi. Agosti 2022 kiwango cha chini kikawa saa 6 kwa wiki, na tangu Agosti 2025 kila uanagenzi umewekewa idadi yake maalumu ya saa. Namna saa hizo zinavyopangwa ndipo ndoa nyingi kati ya mwajiri na chuo huvunjika. Kuna chuo kinachotaka siku moja kila wiki. Kingine huchukua wiki mbili mfululizo mara kadhaa kwa mwaka, na kingine hufundisha kwa mtandao jioni moja na kuacha mengine kwa mwanagenzi. Kwa kampuni ya umeme yenye mafundi watatu, kumkosa mtu mmoja kila Jumanne kunaweza kuvumilika kuliko kumkosa wiki nzima katikati ya mradi. Kwa saluni, Jumatatu ni afadhali na Ijumaa ni hasara. Kwa nyumba ya wazee yenye zamu za usiku, darasa la saa tatu asubuhi humkuta mwanagenzi ametoka kazini bila kulala. Haya husemwa kabla ya kutia sahihi. Yakigunduliwa baadaye, kinachokatwa ni masomo.

Kwa fani za mikono mafunzo ya mtandaoni yana mpaka. Mwashi hujifunza kwa kujenga ukuta, kuubomoa na kuujenga tena, na chuo kisicho na karakana yenye nafasi ya kutosha hakiwezi kuziba pengo hilo kwa video. Katika uhasibu au uandishi wa programu za kompyuta mambo ni tofauti, na mtoa mafunzo wa mbali anaweza kuwa bora kuliko wa mtaa wa pili.

Bei na wakandarasi wadogo

Kila uanagenzi una kikomo cha fedha zinazoweza kulipwa kutoka katika mfuko wa umma, kuanzia pauni 1,500 hadi 27,000. Mwajiri ana haki ya kupatana bei chini ya kikomo hicho, na mwanagenzi haruhusiwi kutozwa chochote kwa ajili ya mafunzo yake. Kwa kweli wengi hawapatani, kwa kuwa fedha ya tozo imekwisha kutoka mfukoni na bei hubaki kwenye kikomo. Kuna hali moja ambayo bei lazima ipungue: ikiwa mwanagenzi tayari anajua sehemu ya masomo. Mtoa mafunzo hutakiwa kupima ujuzi wa awali na kufupisha mpango. Asiyeuliza lolote kuhusu ujuzi huo ametoa ishara mbaya.

Asilimia 80 ya fedha hulipwa kwa mtoa mafunzo kidogokidogo kila mwezi, na asilimia 20 hubakizwa hadi mwanagenzi amalize. Utaratibu huo uliwekwa ili taasisi isifaidike kwa kuandikisha watu wengi na kuwaacha njiani.

Suala la wakandarasi wadogo limeleta malalamiko kwa muda mrefu. Taasisi yenye jina hupata mkataba, kisha huikabidhi kazi kampuni nyingine na kubakiza sehemu ya fedha kama gharama ya usimamizi. Siyo kosa kisheria, na wakati mwingine lina maana, kwa mfano chuo kinapokosa mtaalamu wa fani ndogo. Lakini mwajiri ana haki ya kuelezwa nani atafundisha kipi na kiasi gani kinabakizwa, na hayo huandikwa kwenye mkataba.

Tathmini ya mwisho

Katika mfumo wa sasa mwanagenzi hafaulu kwa kukusanya vyeti vya moduli tu. Mwishoni hupimwa kwa mtihani wa vitendo, mazungumzo, mradi au mchanganyiko wa hayo. Kwa miaka kadhaa mpimaji alilazimika kuwa taasisi huru, tofauti na aliyefundisha, iliyochaguliwa na mwajiri. Tangu mwaka 2025 serikali imeanza kulegeza taratibu hizo na kuruhusu sehemu za upimaji zifanywe na mtoa mafunzo. Kwa mwajiri swali linabaki lilelile: wangapi kati ya waliofika kwenye tathmini walifaulu mara ya kwanza, na walisubiri muda gani kupimwa? Kijana aliyemaliza masomo Juni na kupimwa Desemba huwa tayari ameanza kutafuta kazi kwingine.

Mikataba na kuachana

Hati kuu ni tatu. Makubaliano ya uanagenzi ni kati ya mwajiri na mwanagenzi. Mpango wa mafunzo hutiwa sahihi na wote watatu na hueleza nini kitafundishwa, lini na wapi. Mkataba wa huduma ni kati ya mwajiri na mtoa mafunzo, na huo ndio unaosahaulika kusomwa. Humo hutakiwa kuandikwa bei, ratiba ya malipo, majina ya wakandarasi wadogo, mara ngapi maendeleo yatajadiliwa kwa pamoja, na nani ataarifiwa mwanagenzi anapoanza kukosa vipindi.

Mwajiri anaweza kubadili mtoa mafunzo katikati ya safari. Malipo kwa wa kwanza husimama, na aliyebaki hupanga upya bei na muda. Ni rahisi kwenye karatasi. Kwa mwanagenzi ni kuanza na mwalimu mgeni, mara nyingi na kumbukumbu za masomo zilizopotea njiani, na ndiyo maana waajiri wenye uzoefu hudai mapema nakala ya kumbukumbu hizo kila baada ya miezi michache.

Ukosoaji

Wakosoaji wanasema soko la namna hii linamfaa mwajiri mkubwa mwenye idara ya rasilimaliwatu, anayeweza kuitisha zabuni na kulinganisha. Mwenye gereji huchagua chuo kilicho karibu, au kampuni iliyopiga simu kwanza. Wengine wanaona tatizo liko kwa waajiri wenyewe: wapo waliotumia tozo kubadili jina la mafunzo waliyokuwa wakiyagharamia zamani. Serikali iliyoingia madarakani Julai 2024 ilitangaza kuigeuza tozo hiyo ili iruhusu pia kozi fupi, ikapunguza muda wa chini wa uanagenzi kutoka miezi 12 hadi 8 kuanzia Agosti 2025, na kuondoa ruzuku ya ngazi ya 7 kwa watu wengi wenye umri wa miaka 22 na zaidi kuanzia Januari 2026. Taasisi ya kitaifa iliyosimamia viwango vya uanagenzi tangu mwaka 2017 ilifutwa mwaka 2025 na kazi zake zikahamia chombo kipya kiitwacho Skills England.

Uhusiano na Afrika Mashariki

Wazo la kumtoza mwajiri ili kugharamia mafunzo lipo pia Kenya na Tanzania, lakini fedha hizo hazirudi kwenye akaunti ya mwajiri ili achague chuo. Nchini Kenya sheria ya mafunzo ya viwandani inamtaka mwajiri alipe shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Msimamizi ni mamlaka ya NITA, iliyotokana na marekebisho ya sheria ya mwaka 2011, na mwajiri aliyepata idhini huweza kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo.

Nchini Tanzania mamlaka ya VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na sehemu ya tozo ya kuendeleza ujuzi hugharamia elimu ya ufundi. Tozo hiyo ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara mwaka 2023, nayo huwahusu waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi. Hata hivyo vijana wengi wa Tanzania hujifunza ufundi nje ya mfumo huo wote, kwa kukaa na fundi gereji, kwenye karakana ya seremala au kwa cherehani, kama walivyofanya wanagenzi wa London kabla ya mwaka 1814. Wenye ujuzi wa aina hiyo huweza kupimwa na VETA na kupewa cheti kwa utaratibu unaoitwa urasimishaji ujuzi. Katika Kiswahili neno "mwanagenzi" lenyewe lina maana pana kuliko ya kisheria: humtaja yeyote anayeanza jambo na ambaye bado hajalizoea.